Kokatieli anajirusha ukikaribia tundu? Mzoeshe hivi

Kama una kokatieli, yule kasuku mdogo mwenye kishungi cha manyoya kichwani, na kila ukisogea anajirusha huku na huku mpaka manyoya yanamwagika, huyo hana ubaya wowote, anakuogopa tu. Ni ndege wa gramu tisini hivi, asili yake Australia, kule wanatembea kwa makundi na kuokota mbegu chini, na kitu kikiwajia kutoka juu ghafla ni mwewe. Sasa wewe ukiingiza mkono kwa juu yeye anaona nini?

Mimi wangu nililetewa kutoka Mombasa, akavushwa kwa boti toka Mokowe mpaka hapa Amu, yaani Lamu, amefika hoi, na mimi kwa furaha siku ileile nikamshika mzimamzima nikawaoneshe wapwa zangu. Aliniuma kidole lakini hilo si kitu, kilichoniuma ni kuwa baada ya pale ilipita karibu mwezi mzima ndo akaweza kuuona mkono wangu bila kutoa ile sauti yao ya kama nyoka. Kwa hivyo nawaomba, msimkamate. Hata mara moja.

Wiki ya kwanza hata usimguse. Tundu liweke pale watu wanapokaa, usawa wa kifua chako, upande mmoja uegemee ukuta ajue nyuma hakuji kitu. Kiwanda, yaani ule ua wa ndani wa nyumba zetu za zamani, kina mwanga mzuri lakini paka wa Amu mnawajua, wanashuka toka darini huwasikii, na hata kama paka hamfikii, kule kumwona tu kila siku kunamtia ndege kiwewe na hapo hutomzoesha kamwe. Mi nilimhamishia chumba cha ndani. Alafu kuna udi. Najua kwetu Ijumaa lazima nyumba ifukizwe, ila mapafu ya ndege hayawezi moshi, chetezo kiwe chumba kingine na madirisha wazi, na zile kaangio za nonstiki zikiachwa tupu kwenye moto mpaka zikapata moto kupita kiasi mvuke wake unaua ndege hapohapo, tafadhali hilo mlishike sana.

Katika siku hizo wewe kaa tu kando ya tundu na shughuli zako, chambua mchele, soma, ongea naye kwa sauti ya chini, usimkodolee macho. Na soma kishungi chake, manake kile ndo ulimi wake. Kikisimama wima kabisa ameshtuka au kuna kitu anakisikiliza, kikilala bapa kichwani na mdomo uko wazi anapiga ile sauti ya nyoka basi ana hofu na atauma, rudi nyuma bila haraka. Kikiwa kimelegea kimelala kidogo nyuma, amekunja mguu mmoja na anasaga mdomo taratibu kama mtu anayekwaruza jiwe, hapo ametulia kabisa. Mi siendelei hatua nyingine mpaka nione kishungi kimelegea, iwe siku tatu iwe wiki tatu.

Akishakuzoea ukiwa karibu, anza kumlisha kwa mkono. Suke la uwele ndo linawamaliza, ukikosa suke chukua punje za mtama au uwele kiganjani, fungua mlango, mkono uingie polepole kwa chini, usiende mpaka alipo, usimame nusu njia yeye ndo aje. Dakika tano au kumi zatosha, mara mbili kwa siku, asubuhi kabla hujamwekea chakula ndo wakati mzuri, ila usimshindishe njaa eti aje haraka, hiyo ni dhulma. Akila bila wasiwasi weka kidole juu kidogo ya miguu yake, usawa wa tumbo, sukuma kidogo sana na useme neno moja lilelile kila siku, mi nasema "panda". Akipanda hata kwa mguu mmoja mpe punje papo hapo.

Akiuma usiuvute mkono kwa nguvu wala usipige kelele, manake atajifunza kuwa akiuma mkono unaondoka. Tulia, mrudishe kwenye kijiti, jaribu jioni. Siku atakayokuinamishia kichwa anataka kukunwa, mkune hapo kichwani na mashavuni tu, mgongo uache, kuwapapasa mgongoni kunawaamshia hamu ya kutaga na kuzaana.

Kumtoa tunduni ni mpaka awe anapanda kidole bila kusita, na madirisha yote yafungwe, pangaboi lizimwe. Upepo wa kusi ukimchukua juu ya mapaa ndo umempoteza. Usiku muachie mwanga mdogo, hawa wakishtuka gizani wanajipiga tunduni mpaka wanaumia, na stima ikipotea ndo mbaya zaidi, mi nina kitaa cha sola pembeni. Kando ya mbegu mpe mchicha na karoti, parachichi usimpe hata kidogo ni sumu kwake, na ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufuoni ni mzuri kwa mdomo wake na chokaa, ila uuloweke maji yasiyo ya chumvi siku kadhaa ukibadilisha maji chumvi itoke, uanike ukauke.

Mengine yatakuja yenyewe. Ukimsikia anakuita kwa mluzi na wewe uko jikoni, mjibu kwa mluzi uleule, ndo wanavyoulizana kwenye kundi mwenzangu uko wapi. Wangu nikimjibu hunyamaza, na nikipita mlangoni namkuta amekunja mguu anasaga mdomo wake.