Namna ya kujua wakurugenzi wa kampuni ya softwea wametokea wapi

Usianze na tovuti ya kampuni, pale wote wanasifiwa tu. Kama ni ya Marekani na iko kwenye soko la hisa, mfano Microsoft, ingia EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya SEC (wasimamizi wa masoko ya hisa Marekani), ni bure, tafuta fomu ya DEF 14A, yaani taarifa kwa wanahisa, inatoka kila mwaka kabla ya mkutano wa wanahisa na kila mkurugenzi wa bodi kaelezwa kazi alizopitia. Mi huanza na kamati ya ukaguzi, nani humo anajua mahesabu kweli? Halafu cheki uhusiano wa mkurugenzi na kampuni, Reid Hoffman kwa mfano ni mmoja wa waanzilishi wa LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, Microsoft wakainunua 2016, 2017 jamaa akaingia bodi. Na angalia pia nani yuko kwenye bodi ngapi, mtu mwenye nne tano hivi atalala saa ngapi jamani.