Somo: Kusomea Cheti cha Sanaa za Studio Baada ya Shahada, kwa Walioko Nyanda za Juu Kusini

Somo hili linamhusu mhitimu wa ualimu, sheria, kilimo au biashara ambaye kwa miaka yote ya chuo amekuwa akichora, akichonga au akifinyanga kwa muda wake mwenyewe, na sasa anataka mafunzo rasmi. Nawafikiria hasa waliosoma vyuo vya Mkwawa, Ruaha na Teofilo Kisanji, kwa kuwa ndio wanaoniuliza jambo hili mara nyingi.

Hatua ya kwanza: jua ni cheti cha aina gani unachokitafuta. Nchini Marekani kuna cheti kinachotolewa kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza. Kwa kawaida huchukua mwaka mmoja, na vyuo kama School of the Art Institute of Chicago vimekuwa vikikitoa kwa ajili ya watu wanaotaka kujenga mkusanyo wa kazi zao kabla ya kuomba shahada ya uzamili ya sanaa. Mwanafunzi hupewa nafasi ya kufanyia kazi studio, walimu wa kumtembelea, na vikao vya uhakiki ambamo kazi yake hutundikwa ukutani na kujadiliwa mbele yake. Kwetu ngazi zimepangwa kwa namna nyingine. Chini ya NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada na ya 6 ni stashahada, kwa hiyo mwenye shahada anayekwenda Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, huingia kwa mlango uleule wa aliyemaliza kidato cha nne. Kwa maoni yangu jambo hilo halipaswi kumkatisha mtu tamaa, kwa sababu katika kuchora mtu mwenye shahada ya sheria ni mwanafunzi mpya kama mwingine yeyote.

Hatua ya pili: tengeneza potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako, kabla ya kujaza fomu yoyote. Hapa ndipo nawaomba mkae muda mrefu kuliko penginepo. Vyuo vya nje vinavyotoa cheti cha aina hii huomba picha za kazi kati ya 10 na 20 hivi, na wanaozipitia hutazama kwanza kama mwombaji anaona vizuri, ndipo watazame kama ana mtindo. Kwa hiyo anza na michoro ya mkaa na penseli inayochorwa kwa kutazama kitu chenyewe, wala usinakili picha ya kwenye simu. Anayeishi Mbeya ana mlima Loleza juu ya mji, na ana Soko la Mwanjelwa, ambako watu hawatulii na mkono hulazimika kujifunza kuchora haraka. Anayeishi Iringa anaweza kwenda Igeleke kutazama michoro ya kale ya mwambani, akapima jinsi mchoraji yule alivyoonyesha umbo zima kwa mistari michache ya rangi nyekundu. Wa Kyela awatembelee wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, na kwa idhini yao achore mikono yao wakati wanafinyanga vyungu.

Baada ya michoro, chagua jambo moja ulifuatilie kwa kazi tano au sita. Mkusanyo wenye twiga mmoja, sura ya bibi mmoja, machweo mamoja na maandishi ya mapambo hauonyeshi fikra inayokua, hata kama kila kazi ni nzuri ikiwa peke yake. Kazi sita juu ya mashamba ya chai ya Rungwe, ambazo ya sita inauliza swali ambalo ya kwanza haikulijua, zina nguvu kubwa zaidi. Usisubiri vifaa vya gharama: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kwa kupaka rangi za kawaida za dukani juu ya hadibodi. Anayetumia rangi za mafuta za wasanii akumbuke tu kwamba katika baridi na unyevunyevu wetu hukauka polepole sana, hivyo apange kazi hizo mapema.

Kupiga picha za kazi ni sehemu ya kazi yenyewe. Iweke wima nje, kwenye kivuli cha ukuta, asubuhi ukungu ukishaondoka. Simu iwe sambamba na kazi, bila mwanga wa flashi, na pembe zote nne zionekane. Andika kipimo kwa sentimita, kifaa ulichotumia na mwaka.

Hatua ya tatu: maelezo ya msanii. Ukurasa mmoja unatosha. Eleza unachokitazama, unavyokifanyia kazi, na kitu gani hujakiweza ambacho unataka studio ikusaidie. Wengi huandika kwamba wamependa sanaa tangu utotoni, na sentensi hiyo haimwambii msomaji chochote.

Hatua ya nne: nyaraka. Kwa vyuo vya ndani andaa cheti cha kidato cha nne, kwani ndicho kinachotazamwa kwanza hata kama una shahada. Kwa vyuo vya nje andaa nakala rasmi ya matokeo ya chuo kikuu, barua za wadhamini, matokeo ya mtihani wa Kiingereza pale unapohitajika, na uthibitisho wa fedha, maana bila huo chuo cha Marekani hakitoi fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Wazazi wangu hapa Makambako wanasema nitakuwa nimerudi nyuma kutoka shahada hadi cheti. Niwajibu nini?*

Marahaba, mwanangu. Wasikilize kwanza, kwa sababu wao ndio waliolipa ada na hofu yao ni ya haki. Kisha waonyeshe kazi zako pamoja na mpango wenye gharama, muda, na namna utakavyojitegemea baadaye, kwa mfano kufundisha, kuchora vielelezo vya vitabu au kuendelea na uzamili. Shahada yako haifutwi na cheti.

*Kaka, mimi nafinyanga. Vyungu nitavipelekaje?*

Dada, vinatumwa kwa picha. Piga kila chungu pande mbili au tatu mbele ya kitambaa cha rangi moja, na uongeze picha moja ya karibu inayoonyesha uso wa udongo.

*Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali wilayani Mufindi. Je, naweza kuondoka kwa mwaka mmoja?*

Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kupitia mkuu wa shule kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, na usiondoke kituoni kabla ya kupata jibu la maandishi. Tuma ombi hilo mapema, wakati bado unaandaa potifolio, kwa sababu majibu huchukua muda, nazo tarehe za mwisho za vyuo hazimsubiri mtu.