Samaki wa kupaka, wali wa nazi na ndizi tamu: jinsi ya kulitunza tui lisikatike

Kwa mlo wa watu 6, tafuta nazi kavu 4, na usizilipie kabla ya kuzitikisa moja moja sikioni. Nazi iliyokomaa ni nzito mkononi na maji yake husikika yakicheza ndani. Iliyo kimya huenda imepasuka, na koroma, hata liwe kubwa namna gani, halitoi tui la kupaka. Mimi zangu huzinunua soko la Ngamiani, Tanga, kisha naelekea soko la samaki la Deep Sea mapema, kutafuta changu wawili wa kilo moja moja ambao macho yao bado yanang'aa.

Samaki wakishaparwa magamba na kusafishwa, wachanje mbavuni pande zote mbili, uwasugue kwa chumvi, ndimu, kitunguu thomu na tangawizi iliyotwangwa, kisha uwaache kwa nusu saa. Wakati huohuo loweka gramu 200 za ukwaju katika lita 1 ya maji ya moto.

Zikune nazi kwa mbuzi, ukikomea pale weupe unapoisha, kwa sababu ile ngozi ya kahawia hulitia tui rangi chafu. Mimina vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu, uzifikiche vizuri na kuzikamua kwenye kifumbu au kitambaa safi: hilo ndilo kasimile, nalo liwekwe peke yake. Machicha yaongezee vikombe 6 vya maji, uyakamue tena upate tui la pili, ambalo ni la wali.

Sasa inafuata kazi inayotaka utulivu. Tenga kikombe 1 cha kasimile kwa ajili ya ndizi, na lililobaki litie sufuriani likiwa bado baridi, pamoja na chumvi, pilipili iliyopondwa na nusu kijiko cha bizari ya manjano. Libandike kwenye moto wa wastani na uanze kulikoroga hapohapo, ukilichota kwa upawa na kulimimina tena, bila kupumzika hadi lichemke. Nilipokuwa naanza kupika niliwahi kuliacha nikaenda kumpokea mgeni mlangoni. Niliporudi nilikuta mafuta yakielea juu na mabonge meupe chini, na tui likishakatika hivyo halirudi. Likichemka, punguza makaa na uendelee kulikoroga kwa dakika 15 hivi, mpaka liushike mwiko. Hapo tu ndipo utie vijiko 2 vya maji mazito ya ukwaju, kwani uchachu ukitangulia kabla tui halijawa zito, nao hulikata.

Wachome changu juu ya makaa yasiyo na miali hadi wakaribie kuiva, kisha wapake tui upande mmoja, wageuze, upake wa pili, na urudie mara tatu au nne.

Wali hauna mambo mengi: vikombe 4 vya mchele uliooshwa huingia katika tui la pili lililochemka na kutiwa chumvi, na likikaribia kukauka, funika na upalie makaa juu ya mfuniko.

Kwa kitamutamu, chukua ndizi za mkono wa tembo zilizoiva hadi maganda yakaanza kuwa meusi. Zikate vipande, uzichemshe katika maji kidogo hadi zilainike, kisha tia kile kikombe cha kasimile, sukari vijiko 3 na iliki 5 zilizotwangwa. Mwiko utazivuruga, kwa hiyo shika sufuria kwa vitambaa uitikise taratibu mpaka tui lichemke na kuwa zito.

Ukwaju uliobaki uchuje, uuongezee lita 1 ya maji baridi, sukari na tangawizi kidogo, upate sharubati. Pakua wali kwenye sinia, laza samaki juu yake, na tui lililosalia sufuriani wamwagie wakati bado lina moto.