Mashine ya kasino ikiharibika mkononi mwako: ufanye nini

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, wengine habari za jioni. Mimi ni fundi wa mashine za kasino hapa Mwanza. Naandika somo hili sasa kwa sababu mbalamwezi imeingia, wavuvi wa dagaa wako nchi kavu na pesa mfukoni, na huu ndio wakati wa ugomvi mwingi.

Kwanza, toa mkono. Ikiganda, ikipiga kengele au ikionyesha namba usiyoielewa, usibonyeze kitufe chochote cha mchezo. Ndani ya mashine kuna kumbukumbu ya michezo michache ya mwisho. Kila ukicheza tena, mchezo wa zamani unasukumwa nje, na huo ndio ushahidi wako.

Pili, usiondoke kwenye kiti. Bonyeza kitufe cha kumwita mhudumu, au mtume jirani. Nilipokuwa naanza kazi, kijana mmoja alikwamiwa na salio la shilingi 380,000, akatoka nje kumwita kaka yake. Aliporudi alikuta mashine imewashwa upya na mtu mwingine anacheza. Najua alisema kweli, nililiona lile salio kwa macho yangu, lakini michezo ya huyo mwingine ilikuwa imeusukuma nje mchezo wake, na hakulipwa. Inaniuma mpaka leo.

Tatu, soma kibandiko. Mashine nyingi zimeandikwa kwamba hitilafu inabatilisha malipo na michezo yote. Hapa ndipo watu wanapokasirika, kwa hiyo nieleze vizuri. Mwaka 2011, huko Iowa, Marekani, bibi mmoja alishinda dola 1.85, kisha skrini ikamwandikia bonasi ya dola 41,797,550.16. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 2015 ikaamuliwa alipwe ile 1.85 tu, kwa kuwa kanuni za mchezo ule hazikuwa na bonasi yoyote.

Mwaka 2016, New York, mwingine aliandikiwa dola 42,949,672.76. Fundi akiiona namba hiyo anashtuka. Hesabu ya biti 32, yaani ya kompyuta inayotumia nafasi 32 za sifuri au moja, ina namba 4,294,967,296. Zisome kama senti, unapata dola 42,949,672.96. Pungufu ni senti 20 tu! Kwa jicho langu, hiyo ni hesabu iliyopinduka ndani ya mashine, yaani imeshuka chini ya sifuri ikarukia kwenye namba za juu kabisa. Ushindi wa kweli lazima uwemo kwenye jedwali la malipo la mchezo wenyewe. Lisome kabla ya kuweka dau.

Nne, mashine ifunguliwe ukiwepo, pamoja na msimamizi wa zamu. Andika namba ya mashine, saa, dau na salio la kabla ya hitilafu. Salio hilo ni lako, na dau la mchezo ambao haukukamilika lidai. Usisaini karatasi usiyokubaliana nayo.

Tano, mkishindwana, andika malalamiko kwa kasino ubaki na nakala, kisha uyapeleke Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, dubwi (mashine ya kamari ya sarafu) la dukani huku Kirumba limemeza sarafu zangu tano za mia mbili. Nalo lina kumbukumbu?*
Usiitegemee. Mwenye duka mara nyingi hana hata ufunguo, anao anayekuja kukusanya sarafu. Mwonyeshe palepale, muandike idadi, umsubiri mwenye ufunguo. Na kama hawana leseni ya kukuonyesha, usicheze.

*Umeme ukikatika picha zinazunguka?*
Tulia hapohapo. Matokeo yalishapangwa ulipobonyeza, na kumbukumbu inalindwa na betri. Umeme ukirudi, mchezo unamalizikia ulipoishia.

*Kaka, ni kweli mashine ikitengenezwa inakuwa na deni, lazima iteme?*
Hapana. Kila mchezo unajitegemea. Nimewaona watu wakimaliza mshahara kwa imani hiyo.

*Shikamoo kaka. Mume wangu amemaliza pesa ya nyavu, anasema mashine ilikuwa mbovu. Tudai wapi?*
Marahaba dada, pole sana. Muulize kama iliganda au ilionyesha hitilafu. Kama ilizunguka kawaida ikala, haikuwa mbovu, ndivyo ilivyotengenezwa. Hapo hakuna dai. Ila akikubali, aiandikie kasino barua yeye mwenyewe aombe azuiwe kuingia, na pesa ya nyavu zijazo ikae kwako.