Kuona seli za kitunguu kwa hadubini

Kitunguu cha soko lolote hapa Arua kinatosha. Bandua utando laini wa upande wa ndani, utandaze kwenye tone la maji juu ya kioo bila kuukunja, kisha dondoshea ayodini, dawa ya kutia rangi. Kifuniko, kile kioo chembamba cha juu, kilaze polepole. Ukikibwaga, viputo vya hewa vitaingia, na kila mwaka wanafunzi wangu hunichorea viputo vyenye ukingo mweusi wakidai ni seli! Anza na lenzi ya ukuzaji mdogo. Vyumba vilivyopangana kama matofali ndivyo alivyoviona mwanasayansi Robert Hooke kwenye koki, yaani gome la mti la kutengenezea vizibo, akaviita seli mwaka 1665. Ila vyake vilikuwa vitupu, kuta tu. Wewe tafuta kidoa cha kahawia ndani: ni kiini cha seli, alichokipa jina mtaalamu wa mimea Robert Brown mwaka 1831. Chora seli tatu, kwa penseli.