Jinsi ya Kuziba Mianya ya Kipasha Hewa Kinachozunguka

Kipasha hewa kinachozunguka, ambacho mhandisi wa Uswidi Fredrik Ljungström alikibuni mwanzoni mwa karne ya 20, huchota joto kutoka kwenye gesi za moshi zinazotoka katika boila na kulihamishia kwenye hewa inayokwenda kuchochea moto. Rota yake, iliyojaa mabati membamba, huzunguka polepole sana, kwa kawaida kati ya mzunguko mmoja na mitatu kwa dakika. Upande wa hewa una msukumo mkubwa kuliko upande wa moshi ambao hufyonzwa na feni, kwa hiyo kila penye mwanya hewa hukimbilia kwenye moshi na kutoka nao bila kufanya kazi yoyote. Hasara yake ni kwamba feni zote mbili, ya kusukuma na ya kufyonza, hubeba mzigo usio na faida, na mara nyingine boila hushindwa kufikia uwezo wake kamili kwa sababu tu feni zimefika kikomo.

Kabla ya kufungua chochote, pima uvujaji kifaa kikiwa kazini. Chukua kiwango cha oksijeni katika moshi kabla haujaingia kwenye kipasha hewa na baada ya kutoka, vyote viwili katika hali moja, ama ya moshi mkavu ama wenye unyevu. Toa cha kwanza kutoka cha pili, gawanya kwa tofauti kati ya 20.9 (asilimia ya oksijeni katika hewa ya kawaida) na kiwango cha pili, kisha zidisha kwa 90. Kama ulipata asilimia 3.5 kabla na 5.0 baada, uvujaji unakaribia asilimia 8.5 ya uzito wa moshi unaoingia. Usitosheke na kipimo cha sehemu moja, kwa maana hewa iliyovuja hubaki imejitenga upande mmoja wa mfereji wa moshi. Pima nukta nyingi zilizopangwa kwa safu, kisha chukua wastani. Kagua pia viungo vya mfereji vilivyo kati ya sehemu hizo mbili, kwani kiungo kilichotoboka hufyonza hewa ya nje, na lawama zote huangukia sili, yaani vipande vya kuziba mianya ya rota, zisizo na kosa.

Sili ziko za aina tatu. Sili za mshazari, zinazotoka katikati ya rota hadi ukingoni, juu na chini, hupita karibu na mabamba yanayotenganisha hewa na moshi, na hapo ndipo sehemu kubwa ya uvujaji hutokea. Sili za wima hukaa ubavuni mwa rota, na sili za mzingo huzuia hewa na moshi visipite kando ya rota bila kugusa mabati. Ipo hewa nyingine inayobebwa ndani ya vyumba vya rota kila vinapovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hiyo haizibiki kwa sili yoyote, na anayeahidi kuiondoa hakijui kifaa hiki.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba mwanya unaoupima kifaa kikiwa baridi sio utakaokuwepo kikiwa moto. Katika kipasha hewa chenye mhimili wa wima ambacho moshi huingilia juu, upande wa juu wa rota hutanuka kuliko wa chini, na rota nzima hujikunja kama kofia ya uyoga, kingo zikishuka. Kutokana na hilo, mwanya wa sili za juu hufunguka ukingoni, ilhali ule wa sili za chini hujifunga mahali hapohapo. Fundi akikaza sili za chini zikaribie bamba kote zikiwa baridi, siku ya kwanza ya kuwasha boila zitasuguana na bamba, zitapinda au kukatika, na uvujaji utazidi ule wa awali. Ndiyo maana sili za chini huachiwa nafasi inayoongezeka kuelekea ukingoni, na za wima huachiwa nafasi kubwa zaidi upande wa juu. Vipimo hivyo hutoka kwenye jedwali la mtengenezaji kwa kifaa hicho na kwa joto lake la kazi. Kuviazima kutoka kifaa jirani, hata kama vinafanana kwa sura, ni kujitafutia hasara.

Zima boila na usubiri ipoe kabisa, kata umeme wa mota ya rota na ufunge swichi kwa kufuli, kisha funga rota yenyewe kwa pini au kizuizi, kwa sababu inaweza kuzunguka kwa uzito usio sawa au kwa upepo wa mfereji. Pima hewa ya ndani kabla ya mtu kuingia, na mlinzi abaki mlangoni.

Ndani, anza na vinavyobeba sili kabla ya sili zenyewe. Hakiki beringi, wima wa mhimili na unyofu wa mabamba, kwa kuwa majivu yanayopita mwanyani kwa kasi hula chuma na kuacha mifereji ambayo sili mpya haiwezi kuifunika. Kisha chagua sili moja, iweke chini ya bamba na uipangie nafasi za jedwali kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), katikati, ukingoni na sehemu za kati yake. Funga rula ndefu ya chuma kwenye mwili wa kifaa ikigusa sili hiyo kwa urefu wake wote, kisha zungusha rota kwa mkono na upange kila sili inayofuata ili iguse rula hiyo bila kuibana. Kaza boliti kutoka katikati kuelekea nje na upime tena, maana kukaza huivuta sili. Pale ambapo rota ya vyumba 12 inaweza kugeuzwa kuwa ya vyumba 24, sili mbili badala ya moja hubaki chini ya bamba wakati wote, na uvujaji wa hapo hupungua kwa takriban asilimia 30.

Maliza kwa mizunguko kadhaa ya mkono ukisikiliza kama kuna msuguano. Wakati wa kuwasha, pandisha joto taratibu na ufuatilie ampea za mota ya rota: zikianza kupanda na kushuka kwa mpangilio unaolingana na mzunguko, kuna sili inayogusa bamba, na joto lisiendelee kupandishwa hadi ampea zitulie. Boila ikishafika mzigo wake wa kawaida na kutulia, rudia kipimo cha oksijeni kwa nukta zilezile ulizotumia mwanzo.