Kwenda kongamano la ufundishaji wa baiolojia ukiwa na swali moja

Nafundisha baiolojia mwaka wa kwanza chuoni, Iringa. Kongamano langu la kwanza nilirudi na mkoba umejaa vipeperushi na daftari limejaa maandishi, lakini darasani nikaendelea vilevile. Tangu hapo najiandaa hivi.

Hatua ya 1: Tafuta swali darasani kwako, mwezi mmoja kabla. Hapa ndipo penye kazi, usiparuke. Mimi nilichukua osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Wanafunzi wangu huitaja fasili yake bila kukosea neno. Nikawapa vipande vya kiazi mviringo, hivi vya Njombe tunavyonunua sokoni, waviloweke kwenye maji ya chumvi kisha waeleze kwa nini vimelegea. Wengi waliandika kwamba chumvi imeingia ndani "ikala" maji, kumbe maji ndiyo yaliyotoka. Kusanya majibu ya namna hiyo, waombe ruhusa, ondoa majina, panga pamoja makosa yanayofanana.

Hatua ya 2: Andika ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utakachowasilisha. Swali, ulichofanya, ulichokiona. Basi.

Hatua ya 3: Tengeneza bango. Saizi ya A0 ni sentimita 84 kwa 119. Weka majibu mawili matatu kwa maneno ya wanafunzi wenyewe. Hapo ndipo watu husimama. Mimi huliviringisha ndani ya kipande cha bomba la plastiki, nikapanda nalo basi hadi Mbeya bila mkunjo. (Ikiwa ni Juni au Julai, beba sweta.)

Hatua ya 4: Uliza lisilo kwenye slaidi. Kwamba ufundishaji shirikishi (wanafunzi wakifanya na kujadili, si kusikiliza tu) unasaidia, ushahidi upo: mwaka 2014 mtafiti Scott Freeman na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakakuta uwezekano wa kufeli kwa wanafunzi wa mhadhara mtupu ni mara 1.5 ya wenzao wa darasa shirikishi. Kwa hiyo muulize mtoa mada: darasa limejaa hadi mlangoni, hadubini ni chache, dakika ya kwanza unawaambia wafanye nini? Mimi nilijibiwa wakati wa chai, na mhadhiri mkongwe: "Mwanangu, watabiri kwanza, waandike, ndipo wakate kiazi." Miaka yote nilikuwa nikianza kwa kuwaambia wakate kiazi.

Hatua ya 5: Usiku huohuo, kabla hujalala, fungua andalio la kipindi kijacho ubadilishe dakika kumi tu. Langu niliandika: "Kiazi kimoja maji matupu, kingine maji ya chumvi. Kipi kitalegea? Toa sababu." Jumatatu nikaanza nalo kabla sijagusa ubao.